Watoto wa Kuazima

1

Mama Obeti aliingia jikoni kwangu bila hodi, Jumamosi asubuhi, akaketi juu ya gunia la viazi na kusema, "Mgeni anakuja Jumatatu. Tumepungukiwa watoto kumi na saba."

"Tumepungukiwaje? Darasa la tatu lina watoto arobaini na wawili."

"Nasema watoto wa kuonesha, mama. Wa kuonesha!"

Ninyi akina mama wa bondeni, ambao Mgeni atafika kwenu mwakani, nawaandikia haya mapema ili msije mkasema hamkuambiwa. Huku kwetu Lukolongo mtu akipata mgeni huazima. Viti kwa jirani wa juu, vikombe vya maua kwa jirani wa chini, hata jogoo wa kuwika uani. Hakuna anayeona aibu, maana kesho ni zamu ya mwingine. Siku walipokuja wakwe wa dada yangu tuliazima mpaka zulia la kanisani. Kwa hiyo Mama Obeti aliposema tuazime watoto, sikushtuka kama nilivyopaswa kushtuka. Niliuliza tu, "Kwa nani?"

"Ukwama."

Nilicheka mpaka mwiko ukaniponyoka.

Ngoja niseme kwa nini. Huyo Mgeni jina lake la serikalini ni Kitambuzi cha Shule, lakini huku hakuna anayejisumbua kulitamka. Ni mashine yenye kimo cha pipa la maji, miguu mitatu, rangi ya udongo. Kila mwaka huja katika kila shule ya msingi ya serikali huku nyanda za juu, hukaa nyuma ya darasa la tatu siku tano. Hatoi mtihani. Husikiliza. Anajua nani anasoma na nani anafuatisha midomo ya mwenzake, nani anaandika na nani ananakili, nani amekuja na njaa. Huhesabu walimu, hutazama paa na vyoo. Kisha shule zote za nyanda za juu hupangwa, na zile tano za mwisho katika kila mia hupewa kitu kinachoitwa Mkono. Mkono ni miaka mitatu ya walimu wawili wa kufundisha kusoma, uji wa asubuhi, daktari wa macho na masikio, na mtu wa kukaa na mtoto mmoja mmoja mpaka aelewe. Hakuna shule inayofungwa. Hakuna mtoto anayefukuzwa. Sheria ilisema hivyo, na kweli ikawa hivyo.

Lakini jina lenyewe, jamani! Shule ya kushikwa mkono. Shule ya jirani zetu wa Ukwama ilipowekwa kwenye orodha hiyo miaka miwili iliyopita, watoto wetu waliwaimbia gulioni, "Shikwa mkono, hujui kutembea!" Na sisi mama zao tukacheka, mimi nikiwemo.

Sisi Lukolongo hatushikwi mkono. Mwaka ule maporomoko yalipobeba madarasa manne, hatukungoja mtu. Wanawake tulifyatua matofali, wanaume wakapaua, na siku ya arobaini watoto wakarudi kukaa kwenye madawati. Matofali yale niliyafyatua nikiwa na mimba ya Twilumba, tumbo liko hapa. Hata leo ninaweza kukupeleka nikakuonesha ukuta wangu. Mgeni alipoanza kuja alitupa bendera ya kijani mwaka wa kwanza, akatupa ya pili mwaka wa pili. Shule ikipata ya tatu huitwa Shule Inayojitegemea, na Mgeni hairudii tena mpaka ipite miaka kumi.

"Miaka kumi hatusumbuliwi," alisema Mama Obeti akiokota mwiko wangu na kuupangusa kwa kanga. "Bendera tatu, Ezerina! Nani mwingine mlimani huku anazo?"

"Na Ukwama wamekubali?"

"Siku hizi watoto wao wanasoma kuliko wetu, na mwenyekiti wao amecheka mpaka amekaa chini. Amesema, chukueni, ila mturudishie wakiwa wazima."

2

Jumapili baada ya ibada kamati ya shule tulikutana darasani na akina mama wa darasa la tatu. Mimi ni mjumbe, na Mama Obeti pia. Niliishia darasa la saba, lakini kuhesabu madawati na kusimamia jiko siwezi kushindwa na mtu.

Mwalimu Kiswaga, mwalimu mkuu wetu, alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, koti lake moja analipiga pasi kila siku. Shule nzima ina walimu watatu. Yeye mwenyewe anafundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, chaki mkono huu, chaki mkono ule. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi kusoma.

"Mimi sikulitaka jambo hili," alisema. "Lakini mmeniomba majina ya watoto wasiojua kusoma, na majina ninayo. Watapumzika nyumbani siku tano."

Akaanza kuyasoma. Kila jina likitajwa, mama mmoja aliinama kutazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa nimekaa wima. Jina la kumi na nne likasomwa.

"Twilumba Mgaya."

"Umekosea, mwalimu," nikasema. "Twilumba anasoma. Ananisomea kila siku nikimenya viazi."

Mwalimu Kiswaga alivua miwani. Hakunijibu kwa ukali. "Mama Twilumba, leo akusomee tena. Ila umpe kitabu ambacho hakijui."

Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Twilumba ana miaka tisa, mwanangu wa pekee, mrefu kuliko wenzake, na kwa ukaidi hana mpinzani. Unamwita mara tatu yuko kimya, mpaka umshike sikio. Nilimkalisha nikampa kitabu chake kilekile kwanza, kile cha sungura na kisima. Akasoma vizuri, sauti nzima. Ndipo nikaona kurasa mbili zimeshikamana kwa uji uliokauka, na yeye anaendelea kusoma maneno ya ukurasa ambao haukufunguka.

Nikachukua mkaa, nikaandika sakafuni: KIKAPU.

Akalitazama. Kisha akautazama mdomo wangu. "Lisome wewe kwanza, mama."

"Nimekwambia usome."

"Lisome kwanza. Halafu na mimi."

Sikulisoma. Nililifuta kwa mguu. Jioni ileile nikamwambia bibi yake anaumwa mgongo na anamhitaji kupanda viazi, nikampandisha mlima wa pili, nikamwacha huko. Mimi nilijiambia ni siku tano tu. Na nilijiambia jambo jingine, nalisema hapa ingawa linanichoma: nilijiambia afadhali huko, watu ambao hawakuwemo mle darasani wasijue kwamba wa mjumbe wa kamati ni miongoni mwa kumi na saba.

3

Jumatatu watoto wa Ukwama walishuka kwenye kigari cha waya kinachobebea viazi, wamevaa sare zetu. Kumi na saba, kucha safi, wanasalimia kila mtu. "Kamwene, mama. Kamwene." Wakapewa majina kama mtu anavyogawa vikombe. Mmoja, kasichana kembamba kenye mwanya, kalikuja kwangu kuomba maji.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Leo?" akasema. "Leo naitwa Twilumba Mgaya."

Nikampa maji.

Mtauliza, mashine yenye akili namna hiyo haiwezi kumjua mtoto kwa sura? Inaweza. Lakini wakati wa kuitunga sheria wazazi nchi nzima walilalamika, nasi tulilalamika, hatutaki chuma kinachoweka sura za watoto wetu. Serikali ikasikia. Kwa hiyo Mgeni kila siku jua likizama husahau sura na sauti zote, hubaki na majina na viwango tu. Asubuhi huita majina upya, na anayesema "nipo" ndiye huyo. Ulinzi tuliouomba wenyewe ndio tuliopitia kama panya kwenye ufa.

Mimi nilikuwa zamu ya chai ya wageni. Alikuwepo na Bwana Nsajigwa, mtumishi anayezunguka na Mgeni, kijana wa Tukuyu anayependa sukari. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha na birika mkononi, Mama Obeti kando yangu, Mgeni alipoita kwa ile sauti yake ya mwanamke aliyetoka usingizini, "Twilumba Mgaya."

"Nipo."

"Karibu usome, ukipenda."

Akasimama, akasoma ukurasa mzima wa habari za nyuki. Alisoma kama maji yanavyoshuka kwenye jiwe. Alipofika kwenye koma alipumua, kwenye swali akapandisha sauti, na malkia wa nyuki alipokufa akaishusha. Mama Obeti akanifinya mkono. "Sikia mwanao, we! Sikia!"

Na mimi nikatabasamu. Mungu anisamehe, kifua kilinijaa. Jina langu la nyumbani lilikuwa linasomeka vile mbele ya serikali. Kwa muda wa ukurasa mmoja nilikuwa na binti anayesoma, nami nikamwonea fahari kutoka moyoni. Kisha nikakumbuka kwamba yule wangu wakati huo yuko mlimani, ana kapu la mbegu kichwani. Tabasamu likanigandia usoni kama mafuta ya kondoo.

Wakati wa mapumziko nilimtafuta yule msichana. Jina lake la kweli ni Enesia.

"Ulijua kusoma tangu lini?"

"Sikujua. La kwanza nilikaa miaka miwili. Halafu mwalimu wa Mkono akawa anakaa na mimi kila asubuhi kabla ya uji. Siku nyingine tunasoma neno moja tu."

"Neno moja?"

"Moja. Mpaka liingie." Akanitazama. "Mama, huyu Twilumba mwenyewe yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Sasa mwalimu wake atamjuaje?"

Nikamwambia aende akacheze.

4

Jumatano nilikuwa sili. Nilihesabu kwa vidole. Bendera ya tatu ikipanda Ijumaa, Mgeni harudi mpaka Twilumba awe na miaka kumi na tisa. Hakuna atakayekuja kumtafuta. Atakaa nyuma ya darasa anasoma kurasa zilizoshikamana, mpaka siku atakapochoka na kuacha, na watu watasema ni mkaidi, mama yake mwenyewe alisema.

Nilimfuata Mama Obeti kwake. Alikuwa anachambua maharage.

"Tuwarudishe," nikasema.

"Nani?"

"Wetu. Wale kumi na saba."

Akaweka ungo chini taratibu. "Ezerina, unajua sheria inasemaje? Shule iliyomdanganya Mgeni, mwalimu mkuu wake anaondolewa. Ukimtoa Kiswaga hapa unabaki na nini? Na hao mama kumi na sita, wamekutuma? Watoto wao si wa kwako uwatembeze uchi sokoni."

"Na Twilumba?"

"Twilumba ataolewa, atapika, ataishi. Mimi nilijua kusoma, kumenisaidia nini kwenye maharage haya?" Halafu akasema kwa sauti nyingine, kama anayeomba, "Tumejenga shule ile kwa mikono yetu. Leo tuseme tumeshindwa? Sisi?"

Kila alichosema nilikuwa nimekisema mimi moyoni mwangu kabla yake.

Nikaenda kwa Mwalimu Kiswaga. Alikuwa peke yake darasani anakusanya vipande vya chaki, vile vidogo ambavyo mwingine angevitupa.

"Mwalimu, nikimleta mwanangu, wewe utaondolewa."

"Najua."

"Nifanyeje?"

Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. "Wewe nilikufundisha ukajua. Mlikuwa thelathini, nami nilikuwa kijana. Huyu wako nimemjaribu nikashindwa, wala sijui kwa nini nimeshindwa, maana sina hata robo saa ya kukaa naye. Mwaka wa kwanza wa Mgeni nilitamani aniulize, Kiswaga, umechoka? Akatupa bendera, watu wakanibeba mabegani, nikanyamaza. Usiniulize mimi, mama. Mimi ni mwoga mwenye koti safi."

5

Alhamisi alfajiri nilipanda mlima wa pili. Twilumba nilimkuta anawafungulia kuku. Nikamwosha uso, nikamvalisha sare ya kuazima, kwa maana ya kwake alikuwa amevaa Enesia.

Tulipofika mlangoni mwa darasa la tatu majina yalikuwa yanaitwa. Mama Obeti alikuwepo, zamu ya chai ilikuwa yake. Bwana Nsajigwa alikuwa pembeni na kikombe.

"Twilumba Mgaya," aliita Mgeni.

Enesia alifungua mdomo. Akaniona mlangoni, akamwona niliyemshika mkono, akaufunga.

"Twilumba Mgaya."

Nikamsukuma mwanangu kidogo, nikainama mbele yake. "Sema nipo."

Akautazama mdomo wangu. "Nipo," akasema.

"Mama Twilumba!" Mama Obeti alisema kwa kunong'ona kunakosikika mpaka nje. "Unatufanyia nini?"

Mgeni aligeuza kile kichwa chake kisicho na uso. "Kiwango cha Twilumba Mgaya kimeandikwa kuwa cha juu kabisa. Karibu usome, ukipenda."

Twilumba alipewa kitabu cha nyuki. Alikishika vizuri, kama nilivyomfundisha. Akatafuta mdomo wa kuutazama, na mbele yake hapakuwa na mdomo, palikuwa na pipa la udongo. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe cha Bwana Nsajigwa. Sijapata kumwonea huruma mtu kama nilivyomwonea mwanangu pale, wala sijapata kumwonea fahari kama pale, maana alisimama. Hakulia, hakukimbia. Alisimama na kitabu chake mbele ya watoto arobaini na wawili akangoja.

Mgeni alitembea kwa ile miguu mitatu akaenda nyuma yake. Akatoa sauti nyembamba, kama filimbi ya ndege ikiwa mbali. Darasa zima liligeuka. Mimi niligeuka. Mama Obeti aligeuka.

Twilumba hakugeuka.

Akatoa nyingine, nene kidogo. Bado. Ya tatu, nzito kama ng'ombe, ndipo akageuza shingo na kuuliza, "Abee?"

"Mtoto huyu hasikii sauti nyembamba katika masikio yote mawili," alisema Mgeni. "Herufi nyingi hazimfikii. Anasoma midomo. Anasoma midomo vizuri sana."

Lile sikio. Nililokuwa nalivuta nikimwita mkaidi.

Bwana Nsajigwa aliweka kikombe chini, akasimama. Hakuwa tena kijana wa sukari. "Mwalimu Mkuu," alisema, "kuna wengine?"

Niliona Mwalimu Kiswaga akifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Akaenda ubaoni. Kwa ule mwandiko wake wa kupendeza, ambao wote tuliojifunza kwake tunaujaribu na hatuufikii, akaandika majina kumi na sita. Hakuruka hata moja. Kisha akageuka.

"Hawa ni wa Lukolongo," alisema. "Ni wanafunzi wangu. Walioketi mahali pao ni watoto wa majirani zetu, nao wamefundishwa kuliko wangu. Nawashukuru. Anayehusika ni mimi."

"Muongo," alisema Mama Obeti.

Tulimgeukia wote. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mikono kiunoni.

"Muongo huyu mwalimu! Ukwama nilikwenda mimi kwa miguu yangu. Majina alilazimishwa na kamati. Andika hivyo, bwana. Andika Mama Obeti. Mwalimu huyu akiondoka, mtaniondoa na mimi kwa kunibeba, na mimi si mwepesi."

"Niandike na mimi," nikasema. "Ezerina Mgaya, mjumbe. Nilicheka, nikakubali, nikamficha wangu."

Bwana Nsajigwa aliandika majina yetu. "Sheria inamtaja mwalimu mkuu," alisema. "Haisemi kitu juu ya kamati inayojishitaki yenyewe. Sijui wilayani watasemaje. Nitapeleka kama nilivyosikia."

Habari ilienea yenyewe. Kufika saa nne akina mama walikuwa wanatoka mashambani, kila mmoja na wake, miguu ya watoto ina tope mpaka magotini. Hakuna aliyewaita. Walipanga mstari nje ya mlango na kila mtoto alipoingia alitaja jina lake mwenyewe. Mama mmoja alinipita bila kunisalimia, na mpaka leo hajanisalimia, nami namwelewa. Lakini mwanawe alimwingiza. Watoto wa Ukwama hawakuondoka. Walisogea kwenye madawati, watatu watatu, wakawafungulia wenzao vitabu.

Bwana Nsajigwa alikaa kwenye kizingiti na kibao chake cha kuandikia. "Kuna sehemu moja hapa," alisema, "Lukolongo haijawahi kuijaza. Miaka miwili mmeiacha wazi. Inauliza shule inahitaji nini."

Tukatazamana. Tulikuwa watu ambao tangu tuzaliwe tulifundishwa kumwambia mgeni hatuna shida, karibu, kula.

Mama Obeti ndiye aliyeanza. Alijifuta uso kwa kanga, akainua kidevu kama anayeagiza sokoni na ana haki ya kuchagua.

"Andika walimu," alisema. "Si wawili, wanne. Andika daktari wa masikio, na aje wiki hii, asije akatuletea habari za barabara. Umeandika? Andika uji. Na uwe mzito."

"Wa ulezi," akadakia mama mmoja nyuma.

"Wa ulezi. Andika miwani. Andika Mwalimu Kiswaga abaki, piga mstari chini yake. Piga miwili."

Kila mmoja akawa na la kwake sasa, tunasemea juu ya vichwa vya wenzetu, na Twilumba katikati akigeuka kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule asipitwe na kitu. Nafasi ikajaa. Bwana Nsajigwa akafungua ukurasa mwingine.